Foleni ya Sikonge

Printa ipo Sikonge, mimi nipo Isevya, Tabora mjini.
Kati yetu kuna miombo, kuna vumbi,
kuna nauli ambayo chama cha warina asali
kiliiandika daftarini, kikaikata, kikaiandika tena.
"Usije," akasema Milembe kwenye simu. "Itengeneze ukiwa hukohuko."
Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilitaka kumjibu;
lakini nyoka mwenyewe alikuwa lebo,
madumu mia mbili ya asali yanangoja jina,
nami nilikuwa na bando la siku tatu.

Haya. Igeuze mashine, Milembe, nisomee mgongo wake.
Akasoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama:
herufi, namba, herufi, "hapa pamefutika, nadhani ni nane."
Haikuwa nane. Ilikuwa B.
Asubuhi nzima ilizama kwenye B.

Nikaitafuta anwani. Anwani ya kule
huhama kila kukicha kama mpangaji anayekwepa kodi,
jana alilala hapa, leo jirani hamjui.
Nikaipa jina la kudumu, ili popote ihamiapo
iitwe, iitike.
Kisha mlango. Mashine ina milango maelfu,
huu wa kuchapia ni wa mia sita thelathini na moja.
Kuuacha wazi niliogopa; duniani kuna watu
wanaokesha wakijaribu vitasa vya wenzao.
Nikachimba handaki toka mezani kwangu hadi ghalani kwake,
nikaweka nywila ndefu kuliko ukoo wa babu yangu.
"Iandike mahali salama."
Akaiandika ukutani, kwa mkaa, juu ya mizinga mitupu.
Nikanyamaza.

Kisha draiva. Si yule wa basi,
huyu ni mkalimani tu,
hupokea maneno huku, hutoa matone ya wino kule.

Nikabonyeza.
"Imetoka?"
"Haijatoka."
Nikabonyeza.
Ukurasa wa majaribio una mistari na rangi, nikauchoka,
nikaandika wangu: *Milembe, umekula?*
Nikautuma. Nikautuma tena. Mara kumi na moja,
na kila mara skrini ikinijibu kwa adabu
kwamba kazi ipo kwenye foleni.
Foleni gani, na ghalani yupo mmoja?
Hadi saa kumi, alipopiga yeye:
umeme umekatika tangu saa sita,
alidhani najua.

Sikujua. Ukiwa mbali hujui hata taa.

Saa nane usiku umeme ulirudi Sikonge bila hodi.
Kashindye, mlinzi, anasema mashine ilikohoa,
ikafumbua jicho la kijani,
ikaanza kutema karatasi gizani.
Alisimama mlangoni na rungu lake
mpaka ya kumi na moja ilipoanguka sakafuni.
Akawasha tochi akazisoma zote,
huenda kuna moja inayosema jambo jingine.
Kulipokucha, kila mwanachama aliyefika ghalani
alimuuliza Milembe kama amekula.

Lebo zilitoka Alhamisi.
Nyuki amekuwa mwekundu kidogo kuliko nilivyomchora,
ila ni nyuki.

Handaki langu ni la kwenda tu.
Maneno yakiingia hayana njia ya kurudi.
Jumamosi kondakta wa basi la Sikonge akaniita stendi,
akanikabidhi dumu la lita tatu, mdomo umefungwa kwa kamba ya gome,
na chini ya kamba karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mbele ni swali langu, wino mweusi, limenyooka.
Nyuma ni kalamu ya bluu, mwandiko unaopanda mlima:
*Nimekula. Wewe je?
Na ile B nimeikoleza kwa rangi ya kucha,
asije mwingine akasema nane.*